Chapa Inayoaminika, na Sababu ya Kuaminika Kwake



Kila msimu wa kuchuma unapokaribia tunaletewa suali moja, na safari hii tumeletewa tena. Huulizwa hivi: "Kwa nini tujisumbue kuanika juu ya majamvi siku tano au sita, na kuchambua makonyo mpaka usiku, ilhali mwenye kupeleka karafuu mbichimbichi uzito wake huwa mkubwa zaidi?" Suali hili si la kipumbavu. Mwenye kuliuliza ana watoto wa skuli na ana deni la wachumaji, na kilo tatu nne za maji ndani ya gunia kwake ni fedha. Basi hatutamjibu kwa kumkaripia. Twataka kumjibu kwa hesabu.

Ila tumeona kwamba mtu akisemeshwa juu ya mali yake mwenyewe masikio huwa mazito. Sote twazijua vyema haki za mnunuzi siku tunaponunua, na twazisahau siku tunapouza. Kwa hivyo tumependa kuiweka karafuu kando kwanza, na kutazama watu wengine wanaponunua vitu vyao: wanaamini chapa gani, na kwa nini. Tumechagua mahali ambapo hapana mkarafuu hata mmoja, ili asiwepo mtu wa kusema kuwa anasengenywa.

Mahali penyewe ni Kitahana.

Kitahana iko wapi

Kitahana ni kata ya wilaya ya Kibondo, mkoa wa Kigoma, katika nyanda za juu za Waha. Kusini yake iko Kasulu, na magharibi upo mpaka wa Burundi. Watu wake hulima mahindi, maharage na muhogo, na mvua yao ni ya msimu mmoja, kuanzia kiasi cha Oktoba mpaka Mei.

Tumepachagua kwa sababu ya umbali. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini haikupanda huko milimani. Kitu kilichotengenezwa Dar es Salaam au ng'ambo hubadilisha mikono mara nyingi kabla ya kutua katika duka la kijiji: bandarini, kwa tajiri wa jumla, katika lori, kwa mwenye duka la mjini, na mara nyingi juu ya baiskeli. Mnunuzi akipata jembe lililopinda hawezi kulirudisha kiwandani. Hamjui aliyelifua wala hatamwona kamwe. Anachokiona ni chapa tu. Katika mahali kama hapo chapa si pambo. Ndiyo shahidi pekee aliyefuatana na kitu hicho tokea kilipotengenezwa.

Lakini shahidi huyu hatakiwi ushahidi wa namna moja kwa kila kitu. Tukitazama vizuri tutaona vitu vinavyonunuliwa ni vya namna tatu.

Namna ya kwanza: kitu kinachojulikana kwa mkono na jicho

Chukueni chumvi. Kwa karne nyingi chumvi iliyosifika nchi hizo ilikuwa ya Uvinza, ambako maji ya chumvi hutoka ardhini karibu na mto Malagarasi. Wachunguzi wa mambo ya kale walichimba hapo mwaka 1967 wakaona kwamba watu walikuwa wakichemsha chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000. Katika karne ya 19, misafara ya pwani ilipokuwa ikipita kwenda Ujiji, chumvi hiyo ilikuwa ikiuzwa Uha, Burundi na Unyamwezi. Haikuwa na karatasi wala rajamu. Jina la mahali lilitosha kuwa chapa. Sababu yake ilikuwa nyepesi: sehemu nyingi za bara watu walipata chumvi kwa kuchoma majani na kuchuja majivu, na chumvi ya namna hiyo haiwi safi, nayo ina uchungu. Ya Uvinza ilikuwa nyeupe, na ulimi ulijua tofauti papo hapo.

Mawese ni hivyo hivyo. Mawese ya ukanda wa ziwa, upande wa Kigoma, hupanda Kasulu na Kibondo katika madumu yasiyo na maandishi. Mnunuzi hutazama rangi, hunusa, huonja kwa ncha ya kidole, kisha hutoa fedha. Chapa yake ni uso wa muuzaji ambaye atarudi soko lijalo.

Jembe nalo li karibu na hayo. Zamani, magharibi ya Tanganyika, majembe yaliyofuliwa na wahunzi wa kienyeji yalikuwa mali ya biashara na mali ya mahari. Baadaye yakaja ya kiwandani. Lililopata jina sehemu nyingi za Afrika ni jembe la mamba, la kampuni ya Chillington ya Wolverhampton, Uingereza. Tokea 1970 likawako pia la UFI, kiwanda cha zana za kilimo kilichojengwa Ubungo, Dar es Salaam, kwa msaada wa China. Mkulima mzoefu hulinyanyua jembe apime uzito, huligonga asikie mlio wake, hutazama tundu la mpini, ndipo hutazama alama. Na alama anayoithamini ni ile iliyogongwa ndani ya chuma chenyewe, si karatasi iliyobandikwa. Karatasi yaweza kubandikwa na yeyote. Yule mamba wa chuma aligongwa pale pale jembe lilipofuliwa.

Katika namna hii ya kwanza, basi, chapa humpunguzia mnunuzi kazi tu. Hata isipokuwapo, mkono wake na ulimi wake vitamwambia.

Namna ya pili: kitu kinachojulikana baada ya kutumiwa

Namna ya pili ni ngumu zaidi. Betri ya redio au ya tochi haionjwi. Mzima na mfu hufanana katika kasha. Katika Tanzania watu wengi walizizoea betri za National, zilizotengenezwa Dar es Salaam na kampuni ya Kijapani ya Matsushita tangu miaka ya 1960. Kisha zikaenea na betri za China zenye kichwa cha chui-milia, ambazo watu huziita Tiger. Mtu hazichagui kwa kusoma maandishi, bali kwa hesabu ya siku: jozi hii ilimaliza wiki ngapi za taarifa ya khabari, na ile ilimaliza ngapi. Akiisha kuhesabu mara tatu nne, huacha kuhesabu. Hapo ndipo imani ya chapa inapozaliwa. Maana yake ni kwamba jana ilikuwa hivi, juzi hivi, na leo hivi hivi.

Tuzingatie jambo hili. Watu hudhani kwamba chapa huaminiwa kwa kuwa bora kuliko zote. Sivyo mara nyingi. Huaminiwa kwa kuwa sawa kila siku. Betri ya wastani ambayo haibadiliki humfaa mkulima kuliko ile ambayo leo ni nzuri ajabu na kesho ni gome tupu, kwa sababu ya kwanza aweza kuipangia na ya pili hawezi.

Mbegu ni kubwa kuliko betri. Mtu akinunua mahindi chotara mwezi wa Oktoba, ukweli wake hauonekani mpaka mahindi yaote na yazae. Ikiwa ni mbegu ya uongo, hakupoteza bei ya mfuko peke yake. Amepoteza mvua ya mwaka mzima, na jasho, na chakula cha nyumba. Wadanganyifu wanalijua hilo. Huchukua mahindi ya kawaida ya kula, huyatia rangi yafanane na mbegu iliyotiwa dawa, wakayafunga katika mfuko mzuri. Jicho halioni kitu. Ndiyo maana iliundwa taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, TOSCI, chini ya Sheria ya Mbegu ya 2003, na ndiyo maana mifuko hubandikwa lebo yenye namba ya siri, ambayo mkulima huikwangua na kuihakikisha kwa simu. Hapo chapa ya mfanyabiashara imeongezewa shahidi wa pili.

Namna ya tatu: kitu ambacho mnunuzi hatakijua kamwe

Turudi kwenye chumvi. Katika miaka ya 1990 Tanzania iliweka sheria kwamba chumvi ya kula itiwe madini joto, kwa ajili ya kuzuia uvimbe wa shingo na kudumaa kwa akili za watoto. Kinachohitajika ni kidogo sana: madini joto ya maisha yote ya mtu yaweza kuenea katika kijiko kimoja cha chai. Hayana rangi wala harufu ya kumjulisha mpishi. Mama wa Kitahana akiwa na paketi mbili mbele yake, moja yenye madini joto na moja isiyo nayo, ulimi wake uliokuwa hakimu wa chumvi ya Uvinza tangu enzi za babu zake hauwezi kuhukumu tena. Hata baada ya kula miaka miwili hatajua. Huenda akaja kujua mtoto amekwisha dhurika.

Dawa ni hivyo hivyo. Mgonjwa wa malaria akimeza kidonge cha unga mtupu, akafa, hapana mtu katika nyumba atakayeweza kusema kwa hakika ni dawa au ni ajali yake. Katika namna hii ya tatu jicho halifai, na hata kutumia hakufai. Hubaki mtu kuamini tu, na aaminiwaye hapana budi awe na mtu wa juu yake wa kumwuliza. Kwa hivyo zikawekwa alama za serikali. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, liliundwa kwa sheria ya 1975, na sisi Zanzibar tuna Taasisi yetu ya Viwango, ZBS, kwa sheria ya 2011. Dawa zina mamlaka yake, iliyokuwa ikiitwa TFDA tangu 2003 na kuitwa TMDA tangu 2019.

Jinsi chapa inavyokufa

Chapa hujengwa polepole, na hufa kwa njia tatu tunazoziona.

Ya kwanza ni kuigwa. Kinachopendwa ndicho kinachoghushiwa. Hapana mtu anayejisumbua kuiga chapa isiyojulikana. Tanganyika ilitunga Sheria ya Alama za Bidhaa mwaka 1963, na siku hizi Tume ya Ushindani hukamata bidhaa bandia na kuziteketeza. Lakini Tume haiwezi kukaa katika kila duka.

Ya pili ni chombo kubaki na kilichomo kubadilika. Tangu 1993 wilaya za Kibondo na Kasulu zimepokea wakimbizi wengi wa Burundi, na kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo. Pamoja na wakimbizi vilikuja vitu vya msaada: mafuta ya kupikia katika makopo, unga na nafaka katika magunia yenye alama za mashirika na za nchi zilizotoa. Baadhi yake viliingia masokoni, na watu wakaviamini, kwa kuwa kopo lilikuwa limezibwa na lilikuwa sawa na la jana. Lakini kopo likiisha kufunguliwa, ile alama hubaki usoni pake hata likijazwa kitu kingine. Tusisahau basi: alama hutoa ushahidi wa mjazo wa kwanza tu. Gunia zuri halishuhudii kilichotiwa ndani yake baadaye.

Inafanana na hiyo ile khabari ya majina yaliyoshinda kupita kiasi. Watu wengi wa Afrika Mashariki huita dawa ya meno yoyote Colgate, sabuni ya unga yoyote Omo, rangi ya viatu yoyote Kiwi. Hiyo ni daraja ya juu ya kuaminiwa, lakini ina mtego. Mtoto akitumwa "Colgate", muuza duka aweza kumpa chochote kilicho katika mrija, na hakuna aliyesema uongo. Jina likiwa la kila mtu huwa halina mwenye kulilinda.

Ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote: mwenye chapa kuiua kwa mkono wake. Wazee walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mtengenezaji huona kwamba watu wanamwamini bila ya kutazama, basi hupunguza kidogo: chuma kinakuwa chembamba zaidi, sabuni inakauka upesi na kupungua. Mwaka wa kwanza hupata faida, kwani wanunuzi wanaendelea kumwamini kwa mazoea. Mwaka wa pili wananong'onezana. Mwaka wa tatu hawanunui, na hawamwambii kwa nini.

Sasa, karafuu ni kitu cha namna gani?

Hapa ndipo tulipokuwa tunakuja. Kwetu sisi karafuu ni kitu cha namna ya kwanza. Twaijua kwa jicho na kwa kidole. Tukiivunja twajua kama imekauka. Tukiinusa twajua kama ililala ikavunda. Ndiyo maana hudhani kwamba kila mtu anaijua kama sisi, na kwamba mwenye kuikubali mizani ameikubali karafuu.

Lakini mnunuzi wa mwisho hayuko Wete wala Mkoani. Yuko India, au Singapore, au ng'ambo nyingine, na baina yake na shamba lako imo mikono mingi kuliko baina ya Wolverhampton na Kitahana. Yeye hukuona ulipoanika. Kwake karafuu ni kitu cha namna ya pili: ukweli wake hudhihiri meli ikiisha kufika na gunia likiisha kufunguliwa, nayo fedha imekwisha lipwa. Na yule mama anayetia chembe mbili katika pilau huko aliko, kwake ni karibu na namna ya tatu. Huyo hatajua kamwe karafuu yake ilianikwa juu ya jamvi au juu ya lami yenye mafuta ya gari. Anaamini tu. Anaamini neno moja: Zanzibar.

Neno hilo ndiyo chapa yetu. Halikugongwa katika chuma. Limegongwa na waliotutangulia kwa mkono wa uchambuzi, miaka na miaka, mpaka likawa kama lile jina la Uvinza. Na tofauti ya chapa yetu na ile ya mamba ni hii: jembe lina mwenyewe mmoja. Karafuu ya Zanzibar ina wenyewe maelfu, na kila mmoja wao anaweza kulitia tembo maji. Samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Hesabu tuliyoahidi

Karafuu kavu inayofaa kusafirishwa maji yake hayazidi sehemu 12 katika 100. Tuseme mtu ameuza yenye maji 16. Katika kilo 100 amemwuzia mnunuzi kilo 4 za maji kwa bei ya karafuu. Ni faida, hatukatai.

Tuchukue mfano tu kwamba mnunuzi, akiisha kukuta magunia yenye ukungu, msimu ujao anapunguza bei ya karafuu zote za kisiwa kwa sehemu 5 katika 100. Mwenye maji sasa anauza kilo 104 mahali pa 100, lakini kila kilo imeshuka. Zidisha 104 kwa 95, gawa kwa 100: anapata sawa na kilo 98.8 za bei ya zamani. Amepata hasara kwa ujanja wake. Lakini tumtazame na jirani yake aliyeanika vizuri. Yeye alipeleka 100, akapata 95. Hasara yake ni kubwa zaidi, na hakufanya kosa lolote. Hilo ndilo linalotufanya tuseme kwamba maji ndani ya gunia si ujanja wa mtu kwa mnunuzi wa mbali. Ni mkono uliotiwa katika mfuko wa jirani.

Kuhusu makonyo hesabu ni hiyo hiyo. Karafuu njema yenye uzito wa kilo 100 hutoa mafuta ya kilo 15 hata 20, na makonyo hutoa kiasi cha 5 au 6. Mwenye kiwanda hupima mafuta, wala hahitaji kuonyeshwa. Makonyo yana soko lake: kiwanda cha Wawi, Chake Chake, hukamua mafuta yake. Kuyauza ndani ya karafuu ni kuviharibu vitu viwili vilivyokuwa na bei, kila kimoja mahali pake.

Wanachama na tuyashike haya:

1. Karafuu zilizochumwa leo zitenganishwe na makonyo leo leo. Zisirundikwe mbichi usiku kucha, kwani hupata joto, zikavunda na kupauka.

2. Zianikwe juu ya majamvi au sakafu safi, wala si juu ya barabara au juu ya udongo. Mvua ikitishia zifunikwe upesi.

3. Zipimwe kwa kuvunjwa. Iliyokauka huvunjika kwa mlio. Inayopinda bado.

4. Gunia lililotiwa mbolea au dawa lisitiwe karafuu, hata likifuliwa.

5. Za daraja njema na zilizoharibika zisichanganywe. Kila moja ipelekwe kwa jina lake.

Mwenye kuona kwamba tofauti ya bei baina ya daraja na daraja haimlipi kazi yake, alete hoja hiyo mkutanoni, nasi tutaibeba. Ni hoja ya haki. Lakini twaijua mizani ya mazungumzo: hoja hubebeka vizuri zaidi mikononi mwa watu wenye magunia safi.

Madagascar wanalima karafuu, Comoro wanalima, na Indonesia wanalima kupita sote. Kwa wingi hatutawapata. Tulicho nacho ni jina, na jina hili halina mlinzi mwingine isipokuwa mtu aliyesimama peke yake mbele ya jamvi lake jioni, anapoamua kama zimekauka au bado.

Wassalaam.

Katibu wa Chama